Ami ana miaka 54 na usaili ni baada ya siku 12: tuanzie kwenye mvi au wapi?

MpwaWaPongwe

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo.

Ami ameitwa usaili wa kazi ya usimamizi wa ghala hapa hapa Tanga, upande wa bandarini. Ana miaka 54. Watakaomsaili, kwa tulivyosikia, ni vijana wa miaka 30 na kitu. Mvi zimemjaa kwenye sharafa na kidevuni, kichwani zimechanganyika. Karatasi haisomi mpaka ainyooshee mkono. Ana suti moja na mashati ya zamani, na kanzu mbili nzuri. Pakiti ya unga mweusi wa nywele tumeshanunua Ngamiani, haijafunguliwa.

Naomba mnaojua kazi hizi mnijibu kwa vipimo, si kwa "ajiamini tu". Atie rangi au asitie? Avae nini? Na mtu akitokeza mlangoni, ni kitu gani hasa kinachomfanya aonekane kachoka kuliko umri wake? Visa vya wajomba zenu nawaomba mviweke kando.

Kinyozi_Barabara12

Pakiti hiyo iacheni kama ilivyo kwanza, tutairudia.

Mvi ni unywele uliokosa rangi kwa sababu zile chembe zinazotengeneza rangi kwenye shina zimekoma kufanya kazi. Mafuta ya ngozi ya kichwa nayo hupungua umri ukienda, ndiyo maana mvi nyingi huwa kavu na hazilali. Basi kinachomsumbua mtazamaji mara nyingi si weupe, ni ule ukavu na urefu usiolingana. Mvi zilizokatwa zikalingana na kupakwa mafuta kidogo huonekana zimekusudiwa. Zilizoachwa zikasimama kila moja na njia yake huonekana ugonjwa.

Kata ya kumwomba kinyozi ni hii: pembeni na kwenye sharafa mashine yenye kitana namba 1, yaani milimita 3. Juu namba 2, milimita 6. Pembeni pakiwa pafupi hivyo ngozi inaonekana katikati ya nywele, na weupe unapungua wenyewe bila rangi yoyote. Mstari wa mbele wa paji usichongwe kwa wembe. Kwa kijana unapendeza, lakini kwa mtu ambaye paji limeshaanza kurudi nyuma unatangaza pale nywele zilipokuwa zamani. Na wale wanaojazia mstari kwa wino mweusi, mkumbusheni kinyozi kwamba Tanga jasho halina adabu. Shuka kwenye daladala ukifika Chumbageni wino umeshaingia kwenye nyusi.

Ndevu asizinyoe zote. Shavu likiwa tupu, ngozi iliyolegea chini ya taya inaonekana yote. Aziache milimita 3 hadi 6, kingo za shavuni na shingoni zisafishwe kwa mashine, si kwa wembe. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa huku umeivuta ngozi, ncha inabaki ndani ya tundu, ikikua inageuka na kuchoma ngozi upya. Hivyo ndivyo vipele vya kidevuni vinavyozaliwa. Lazima wembe? Basi usivute ngozi, nyoa kufuata nywele zinakoelekea, na usirudie mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Kisogoni vilevile: kunyoa mpaka ngozi kila wiki huleta vipele vigumu ambavyo kwa baadhi ya watu hukomaa vikawa makovu manene, na hayo hayaondoki kwa spiriti ya saluni.

Sasa mambo yanayosahaulika, nayo ndiyo yanayozeesha: nywele za masikioni, za puani, na zile chache ndefu za kwenye nyusi. Hizi hurefuka kwa wanaume kadiri umri unavyokwenda. Za puani zikatwe kwa mkasi wa ncha butu, zising'olewe, maana shina likiachwa wazi jipu huingia. Nyusi zichanwe kwenda juu, zikatwe zile tu zinazopita kitana. Kazi ya dakika 5, na uso unabadilika kuliko rangi yoyote.

Siku ya kunyoa iwe 3 au 4 kabla ya usaili. Ukinyoa asubuhi ile ile, ngozi iliyokuwa imefichwa jua inakuwa na rangi tofauti na shingo, na vipele kama vipo vitatokea ukiwa kwenye kiti. Meno ya mashine yafutwe kwa spiriti ya asilimia 70 mbele ya macho yenu. Kile kisanduku chenye taa ya buluu ni pambo tu kama vifaa vimewekwa ndani vikiwa na nywele na mafuta.

Haya, pakiti. Unga mweusi mwingi una kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Ndiyo ile ile inayotiwa kwenye piko la kuchorea mikono. Mtu ambaye ngozi yake iliwahi kukasirika kwa piko, kichwani itakasirika zaidi: kope zinavimba mpaka jicho linafunga, ngozi inatoa maji. Na dalili huchelewa, pengine siku 2 au 3. Jaribio ni hili: koroga kidogo sana kwa maji kama pakiti inavyosema, tia nukta moja ndogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, subiri saa 48. Pakiwasha au kuvimba, tupeni. Kama aliwahi kudhurika kwa piko, hata hilo jaribio asifanye. Na pakiti iwekwe juu, mbali na watoto, kwani ikimezwa koo huvimba na figo hufa. Si jambo la mchezo.

Akipita jaribio, bado mimi simshauri, kwa hesabu tu. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, za kwetu pungufu kidogo. Kichwa kikirudishwa milimita 6 baada ya wiki 2, zaidi ya nusu ya kila unywele ni mpya na mweupe. Kwa hiyo akipata kazi, wiki ya pili kazini watu wanamwona anageuka. Atatia tena, na tena, kila wiki 2, na kila mara ngozi inakutana na kemikali. Mweusi wa pakiti nao ni mweusi mmoja, haupishani. Nywele za mtu hazikuwa hivyo hata alipokuwa na miaka 20.

BiMarashi_Tongoni

Kinyozi kasema vyema, ila kampita hina kama hakuiona. Marahaba mpwa, sikiliza.

Hina ya kweli haitoi weusi hata siku moja. Juu ya mvi hutoa rangi ya chungwa, na baada ya siku 2 ikishapigwa na hewa hukolea ikawa kahawia yenye wekundu. Ukiuziwa "hina nyeusi" inayoshika ndani ya nusu saa, jua umeuziwa ile kemikali aliyoitaja kinyozi kwa jina la kiungwana.

Kwa kichwa kifupi na ndevu, gramu 50 za unga wa hina zinatosha. Chunga kwa kitambaa, maana vijiti vikibaki haishiki sawasawa. Kamulia ndimu 1, ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka iwe kama uji mzito unaong'ang'ania kijiko. Funika. Kwa joto letu saa 4 hadi 6 zinatosha. Ukiilaza ikavuka saa 12 nguvu inaanza kumtoka. Maji ya kisima cha chumvi msiyatumie, tumieni ya bomba au ya mvua. Nywele zioshwe kwanza kwa sabuni zisiwe na mafuta hata tone, paka mafuta mgando kwenye paji na masikio tu ili ngozi isishike, kisha hina, funga nailoni, saa 2 hadi 3. Suuza kwa maji matupu.

Anayetaka kahawia iliyokoza karibu na nyeusi, anafuatisha nili ya majani, ile ya unga wa kijani. Si buluu ya kufulia, msije mkanichekesha. Gramu 50, maji ya uvuguvugu na chumvi kwa ncha ya kijiko, bila ndimu. Ikae dakika 10 hadi 15 tu halafu ipakwe hapo hapo, kwa sababu nili ikishakorogwa haingoji. Saa 1, suuza. Shampuu asitie mpaka siku ya pili. Wanaokosea huchanganya vyote bakuli moja pamoja na ndimu, nili inakufa, mtu anatoka kichwa cha karoti.

Hesabu ya kinyozi ya wiki 2 inaihusu hina pia, siikatai. Ila hina ikikua haitoi mstari mkali, nyeupe na kahawia havigombani sana. Na kwenye siku 12 afanye leo au kesho, si siku ya mwisho, ili ikolee na mikono ya aliyempaka iwe imesafika. Angalizo moja la pembeni: watoto wachanga msiwapake hina. Wapo wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo lisilo geni kwenye nchi za malaria, na hina huweza kuwavunja damu.

La pili ni harufu, ambalo wanaume hamlizungumzi. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walieleza kitu kiitwacho nonenali-2 kinachoongezeka kwenye ngozi ya watu wa kuanzia miaka 40. Hutokana na mafuta ya ngozi yanapoharibika kwa hewa, hukaa kwenye kola na mito, na maji peke yake hayakiondoi. Changanya na harufu ya sandukuni, ndiyo ile watu wanayoiita "harufu ya wazee". Dawa si kumwaga marashi juu yake. Kola na makwapa yalowekwe nusu saa kwenye maji ya moto ya wastani na sabuni ya kufulia, yasuguliwe, nguo ianikwe juani. Njano ya makwapani inatokana na jasho likichanganyika na madini ya dawa ya kwapa. Jiki inaizidisha, kwa hiyo siki au ndimu na jua. Buluu ya kufulia ikoroge kwanza kwenye maji, ndipo uzamishe nguo, vinginevyo atavaa ramani.

Udi ni jioni ya kuamkia siku hiyo, si asubuhi. Kaa mawili yaliyoshika jivu, kipande cha udi kama ukucha wa kidole gumba, nguo itundikwe juu ya chetezo umbali wa mkono mzima, dakika 5 hadi 10. Usiku moshi unatoka, asubuhi inabaki harufu inayomfikia mtu akikaribia tu. Kwenye chumba kidogo chenye pangaboi, udi wa asubuhi huwafunga watu pua.

FundiFuti

Nijibu la nguo, na nianze na kola, kwa kuwa ndipo macho yanapotua yakitoka usoni.

Shingo ya mtu wa miaka 50 na kuendelea huweza kuwa imepungua, hata kama tumbo limeongezeka. Shati la miaka 10 iliyopita likifungwa kifungo cha juu, vidole viwili vikiingia ni saizi yake. Vinne vikiingia, kola inasimama mbali na shingo kama mtungi na kifuniko chake, na mtu anaonekana katoka hospitali juzi. Kola haipunguzwi vizuri. Nunueni shati jipya moja, mzunguko wa shingo ujumlishwe nusu inchi. Nyeupe isiyo na mng'ao au buluu hafifu. Nyeupe kali sana ya nailoni huyafanya macho na meno yaonekane ya njano.

Mgongo nao. Mtu hupungua urefu kama sentimita 1 kwa kila miaka 10 baada ya 40, na mabega huja mbele kidogo. Hapo koti la zamani hufanya mambo mawili kwa pamoja: nyuma linapanda, mbele linashuka, na kola ya koti inaachana na shingo. Fundi anayechukua urefu wa mbele peke yake hataliona. Futi iwekwe kwenye ule mfupa wa shingo unaotokeza ukiinama, ishuke mpaka chini ya makalio, halafu ipimwe mbele kutoka begani hadi pindo. Zikitofautiana na zile za koti, kola ishushwe na mgongo wa juu uachiwe nusu inchi hadi inchi 1 kama kuna akiba kwenye mshono. Mikono ifupishwe ili shati lionekane nusu inchi kwenye kifundo. Mikono mirefu ya koti ndiyo inayomfanya mtu mzima aonekane kavaa la kuazima.

Suruali: wengi wenye kitumbo hufunga mkanda chini ya tumbo. Matokeo yake mapaja yanalegea, pindo linakunjamana juu ya kiatu. Ivaliwe kiunoni, na kama haifiki, iongezwe nyuma kwenye mshono wa katikati. Suruali nyingi za fundi huachiwa akiba ya inchi 1 hadi 1½ hapo. Pindo liguse kiatu mara moja tu.

Kanzu au suti? Ghala la bandarini ni kazi ya kupanda ngazi na kuhesabu mizigo, avae suruali, shati na koti jepesi. Suti kamili yenye bitana mwezi wa kaskazi hapa Tanga ni kujitafutia jasho. Kanzu ni vazi la heshima, halina ubaya, ila msaili atamwona mgeni rasmi badala ya msimamizi. Kanzu ikibidi, pindo lipimwe upya mbele na nyuma kwa sababu hiyo hiyo ya mgongo, na kofia pia: kichwa kikishanyolewa namba 2, kofia iliyokuwa inchi 22 huzama mpaka masikioni. Achukue 21½, au aifue, aitie wanga wa muhogo na kuikausha juu ya chungu chenye mzunguko anaoutaka.

Viatu: kisigino kilicholiwa upande mmoja kibadilishwe. Sababu si mwonekano tu, kinapindisha mwendo, na mtu akiingia akiyumba kidogo ndiyo uzee wenyewe huo.

Mzee_wa_Makorora

Mnampamba mzee wa watu kama anaoa mke wa tatu. Mvi ni heshima. Na mkumbuke Hadithi iliyopokewa na Muslim: siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, kichwa na ndevu vyeupe, Mtume akasema zibadilisheni kwa kitu na mwepuke nyeusi. Wanachuoni wamekhitalifiana kuhusu nyeusi, lakini hina hakuna anayeipinga. Kwa hiyo Bi Marashi yuko salama, pakiti itupwe.

NesiWaMacho

Marahaba mpwa. Hilo la kunyoosha mkono kusoma karatasi limenishtua kuliko mvi, na hakuna aliyeligusa.

Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, haikunji kwa ajili ya vitu vya karibu. Kwa miaka 50 hadi 55 mtu ambaye macho yake ya mbali ni mazima huhitaji takribani +2.00. Msaili atamkabidhi mkataba au fomu, naye bila miwani atafanya mambo matatu: atakunja uso, atairudisha karatasi nyuma, atachelewa kujibu. Anayemtazama hataona tatizo la lenzi, ataona mtu mkali asiyeelewa anachosoma. Utafiti wa Willis na Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, uliochapishwa 2006, ulionyesha kuwa watu wakipewa uso kuutazama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hukumu wanayotoa inakaribiana na ile ya waliopewa muda wote wanaoutaka. Muda ukiongezwa kinachopanda zaidi ni uhakika wao. Sasa uso wenye mikunjo hata ukiwa umetulia hudhaniwa una huzuni au hasira. Usiuongezee mkunjo wa kutafuta herufi.

Miwani ya mezani sokoni inaweza kumsaidia kwa muda: ashike gazeti umbali wa sentimita 40, achague namba ya chini kabisa inayomwezesha kusoma maandishi madogo bila kukaza jicho. Akichukua kali kuliko anavyohitaji itabidi alete karatasi puani. Kasoro yake ni kwamba vioo vyote viwili vina nguvu moja, na macho ya watu wengi hayalingani, kichwa kitauma akisoma zaidi ya nusu saa. Kwa siku 12 mnazo kuna nafasi ya kwenda kliniki ya macho, Bombo au kwingine, apimwe na presha ya jicho papo hapo. Glakoma, ugonjwa wa presha hiyo, haina maumivu mwanzoni, na sisi watu weusi inatupata zaidi na mapema zaidi.

Miwani yenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu, asiinunue siku ya mwisho. Kuizoea huchukua wiki 1 hadi 2, na kwenye ngazi sehemu ya chini inadanganya kina, mtu anakosa kidato. Akitumia ya kusomea tu, akimaliza kusoma aivue. Kumtazama mtu kwa juu ya miwani ni tabia ya mwalimu mkuu aliyemkamata mwanafunzi, na vijana wale hawajasahau.

Mambo mawili ndani ya jicho msihangaike nayo: pete ya kijivujivu inayozunguka mboni kwa umri huu ni ya kawaida, na kile kinyama kinachotambaa kutoka pembeni ya pua kwa wavuvi na watu wa juani hakimwambukizi mtu. Kikikaribia mboni apelekwe. Matone ya dukani ya kung'arisha macho mekundu yasitumike zaidi ya siku 3, jicho hurudi jekundu kuliko mwanzo.

Vivyo hivyo vile vidoti vyeusi vya mashavuni vinavyoongezeka na umri. Havina madhara. Asivifunge uzi wala asivichome kwa dawa ya kienyeji, na asithubutu mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huacha mabaka ya bluu-nyeusi kwenye mashavu yasiyotoka, na steroidi hufanya ngozi nyembamba ichubuke kwa kidole. Ngozi ikipauka, mafuta ya nazi matone machache ndani ya dakika 3 baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Basi.

Mwisho masikio. Umri hula kwanza sauti nyembamba: s, sh, f, t. Irabu anazisikia, kwa hiyo yeye anaapa hana tatizo. Kijana akimpa shikamoo kwa sauti ya chini chini ya pangaboi, yeye anasikia "amoo" ya mbali, hajibu, na tayari ameitwa mwenye kiburi. Kwanza atazamwe nta: matone ya mafuta ya zeituni au gliserini kwa siku 3 hadi 5, kisha aoshwe zahanati. Pamba za kijiti husukuma nta ndani. Chumbani achague kiti cha kuupa dirisha mgongo, ili mwanga uangukie nyuso za wasaili aone midomo yao. Asiposikia aseme "Naomba urudie swali la pili", atakuwa amesikika vizuri kuliko akikisia.

MpwaWaPongwe

Ahsanteni sana, pakiti imeshatupwa. Nimebaki na maswali mawili. Meno yake yana weusi wa tumbaku na wekundu wa tambuu. Na salamu je, nani aanze pale mlangoni? Ami anaona haya kumwambia "shikamoo" mtoto wa 1992.

NesiWaMacho

Weusi huo hautoki kwa mswaki. Aende akasafishwe meno na daktari wa kinywa siku 7 kabla. Fizi zitatoa damu kidogo na meno yatasisimka kwa maji baridi siku 2 au 3, ndiyo maana si jana yake. Mkaa, mchanga na ndimu ni mwiko, vinakwangua au kuyeyusha gamba la nje, na chini yake jino ni la njano zaidi. Uraibu auache angalau tangu siku hiyo, maana doa jipya linashika haraka kwenye jino lililosafishwa. Akipenda mswaki wa mti, atafune ncha sentimita 1 mpaka iwe nyuzi, asugue kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, na ncha iliyotumika aikate kila siku.

Mzee_wa_Makorora

La salamu niachieni mimi. Mkubwa hamwamkii mdogo shikamoo, awe bosi au nani, hilo kijana aliyelelewa analijua. Ami akiingia aseme "Habari za asubuhi" kwa wote, au "Asalaam aleikum" kama anajua wenzake. Wakimpa shikamoo, ajibu "Marahaba" mara moja, kwa sauti, kisha anyamaze. Asiongeze "wanangu", asiulize ni watoto wa nani na wametokea mtaa gani. Pale yeye ndiye anayeomba. Akiambiwa aketi ndipo aketi, na akikaa asitoe ule mguno wa magoti.

Na asiseme "sisi wazee wa zamani". Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Msaili anapiga hesabu kimya kimya kwamba huyu amebakiwa na miaka 6. Amalize hesabu hiyo mwenyewe, aseme ana miaka 6 kamili ya kazi, ataje aina za mizigo anazozijua na idadi ya watu aliowahi kuwasimamia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya umri hata kwa mwombaji, lakini sheria haitajwi kwenye usaili. Inatajwa baadaye, pakiwa na haja.

FundiFuti

Nimesahau jambo. Shati jipya lifuliwe mara 2 kabla ya siku hiyo, wanga wa kiwandani utoke, la sivyo mikunjo ya kwenye boksi itabaki hata likipigwa pasi. Na alivae nusu siku nyumbani, akae, ainame, anyanyue mikono. Kifungo cha tumboni kikifunguka, tupeane taarifa mapema, kuhamisha kifungo ni dakika 3.

Kinyozi_Barabara12

Nami nimekumbuka: kabla ya kuja saluni aoshe kichwa, asipake mafuta. Nywele zenye mafuta hulala chini ya kitana, mashine inaziruka, na kesho yake zinasimama zile zile tulizotaka kuzikata. Kama ana mapunye au ukungu wowote kichwani aniambie kabla sijawasha mashine.

MpwaWaPongwe

Ami anauliza, hina atie kabla ya kunyoa au baada?

BiMarashi_Tongoni

Anyoe kwanza mara moja, leo, namba 2 kote, hina isiende bure kwenye nywele zitakazokatwa. Kesho atie hina. Siku 3 kabla ya usaili arudi kwa kinyozi asawazishe pembeni tu, pale namba 1. Hapo pembeni weupe utachungulia kidogo, na aache uchungulie.

Kinyozi_Barabara12

Sawa kabisa, ila pembeni zikishapunguzwa asirudie hina juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa. Asubiri siku 2.